"Draiva za Oda Maalumu": Bosi Kauza Kahawa kwa Butura, Spika Imeungua, Lawama Kabebeshwa Fundi!

Kuanzia Kayanga mpaka Omurushaka, ukivuka hadi Nkwenda na Isingiro, stori ya mjini wiki hizi ni moja tu, na safari hii haimhusu msanii wala mchepuko wa mtu. Inahusu spika. Spika mbili za besi, inchi 18, zilizoletwa kwa mbwembwe zote, zikapigiwa picha juu ya Fuso, zikawekewa taa za bluu, na sasa moja imefunikwa turubai nyuma ya nyumba kama gari lililopata ajali.

Mwenye mali ni bosi mmoja wa mziki wa kukodisha, jina kapuni. Wanaomjua wanamjua kwa ile kauli yake ya kwenye status: "Draiva zangu zimetengenezwa kwa oda maalumu, hazipo kwenye boksi lingine lolote duniani." Kauli hiyo ndiyo imemfikisha hapo alipo. Na ndiyo inayotakiwa kuvuliwa nguo hadharani, kwa sababu inazidi kuambukiza. Siku hizi hata kijana mwenye sabufa ya ghetto anasema ya kwake ni ya oda.

Habari za uhakika ni kwamba hela ya mzigo ule haikutoka benki. Jamaa aliuza kahawa kwa butura. Kwa wadau wa mbali wasiojua, butura ni ule mtindo wa kuuza robusta ikiwa bado maua au kijani mtini, mnunuzi anakupa hela leo kwa bei ya kutupa, msimu ukifika anavuna yeye. Serikali imepiga marufuku miaka nenda rudi, vyama vya ushirika vimehubiri mpaka vimechoka, na bado kila mwaka kuna familia inakaa barazani ikiangalia kahawa yake inabebwa kwenye magunia ya mtu mwingine. Safari hii kilichobebwa kilikuwa ada za watoto wawili na bati za nyumba ya mama mkwe, vikageuzwa kuwa maboksi manne meusi yaliyovushwa kutoka Uganda kwa njia ya Kikagati na Murongo.

Muuzaji alimwambiaje? Alimwambia kwamba spika za kawaida zinatumia draiva za kawaida, ambazo yeyote anaweza kununua, lakini hizi zimesukwa kiwandani kwa ajili ya boksi hili tu. Ndiyo maana bei yake ni karibu mara mbili. Bosi akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa twende taratibu. Draiva ni lile duara lenyewe linalopiga, ukitoa boksi na nyaya. Kuna koni, ile karatasi au kitambaa kigumu unachokiona kinacheza. Nyuma yake kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa kwenye kasha jepesi, umekaa ndani ya mwanya mdogo sana wa sumaku. Umeme wa amplifaya ukipita kwenye waya, koili inasukumwa mbele na nyuma, koni inasukuma hewa, mama harusi anacheza. Mpango huu ni wa zamani. Wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliuandika mwaka 1925 wakiwa General Electric, na mpaka leo hakuna aliyebadilisha msingi wake, awe anauza spika ya elfu 30 au ya milioni 300. Kinachobadilika ni ubora wa waya, gundi, sumaku, na umakini wa aliyeviunganisha.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Katika umeme wote unaoingia kwenye spika kubwa ya besi, sehemu ndogo tu, asilimia chache, ndiyo inatoka kama sauti. Kinachobaki chote ni joto. Koili ya inchi 18 ikifanya kazi ya harusi inapita nyuzi 200 bila shida. Kwa hiyo kila draiva duniani, ya oda au ya dukani, ni kitu ambacho siku moja kitaungua. Swali la mtu mwenye akili ya biashara ni nini kitafuata ikishaungua. Bosi hakuuliza.

Jibu alilipata Nkwenda. Ilikuwa Jumamosi, harusi ya watu na heshima zao, hela za kahawa zimeshatoka, ukumbi wa wazi pembeni ya migomba. Mpaka saa mbili usiku mambo yalikuwa moto. Kisha umeme ukaanza ile tabia yake. Kagera kwa miaka mingi imelishwa umeme kutoka Uganda kupitia ile laini ndefu ya Masaka hadi Kyaka, na aliyekaa huku anajua maana ya kuwa mwishoni mwa waya wa mwenzio: taa zinafifia, friji linaguna, kisha vinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Amplifaya yenye transfoma ya kizamani inapokosa umeme wa kutosha, uwezo wake unapungua. DJ akasikia besi imelegea. Badala ya kupunguza, akapandisha. Hapo amplifaya inaanza kukata vichwa vya mawimbi, sauti inakuwa kama mtu anayeongea ameziba pua, na koili inapikwa bila kupumzika. Jenereta lilipowashwa, moto ulikuwa umeshafanya kazi. Boksi la kulia likatoa "kwaaa", likatoa harufu ya bati la soda lililochomwa, likanyamaza. Shangazi mmoja wa bwana harusi akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Waitu, huyu aliyelipwa hela yote ile mziki wake umekufa?" Harusi ikamalizwa na boksi moja na ngoma ya wazee, ambayo kwa taarifa yenu haikuungua.

Jumatatu bosi akalipeleka boksi kwa fundi mmoja wa Nkwenda. Huyu naye jina kapuni, lakini kila mwenye redio iliyowahi kufa Kyerwa anajua kibanda chake. Fundi akafungua boliti nane, akaitoa draiva, akaigeuza, akaiangalia muda mrefu. Koili nyeusi kama mkaa. Sumaku nzima, chasisi nzima, koni ina mchubuko mdogo. Kazi ya kawaida. Spika nyingi za besi za mziki mkubwa zinatumia koili ya milimita 100, na vifurushi vya kubadilisha vya saizi hiyo, yaani koni, koili na spaida vikiwa pamoja, ni biashara iliyozoeleka Mwanza, Dar na Kampala. Fundi akapima kipenyo. Siyo 100. Akapima tena. Akapiga simu Kampala, akapiga Mwanza, akatuma picha. Jibu likawa lilelile: saizi hiyo hatuna, haijawahi kuja.

Yaani muuzaji hakudanganya! Ilikuwa kweli ya oda. Ilitengenezwa kwa vipimo visivyofanana na vya mtu mwingine, na kwa hiyo hapakuwa na kifaa cha mtu mwingine ambacho kingeingia. Kitu ambacho bosi alilipia mara mbili ndicho hichohicho kilichomfungia mlango.

Mashabiki wa "oda maalumu" wakisikia hivi wanakimbilia Ulaya. Wanasema spika za matajiri wa dunia zote zina draiva za peke yake. Siyo kweli, na ushahidi upo mchana kweupe. Wilson Audio wa Utah, Marekani, ni kampuni ambayo spika yake moja, WAMM Master Chronosonic, ilitangazwa kwa dola 685,000 kwa jozi. Soma tena, kwa jozi moja. Kampuni hiyohiyo kwa miaka mingi imejenga jina kwa draiva za watengenezaji wa Ulaya kama Scan-Speak wa Denmark na Focal wa Ufaransa, ikiagiza zirekebishwe kidogo kwa vipimo vyake. Neno "maalumu" mara nyingi linaishia hapo: ni draiva iliyokuwepo, ikabadilishwa waya au koni, ikabandikwa namba mpya. Hakuna ubaya. Lakini hakuna muujiza.

Mfano mtamu zaidi ni wa BBC. Miaka ya 1970 mwanzoni mafundi wa shirika lile walihitaji spika ndogo ya kukaa ndani ya gari la matangazo ya nje, gari dogo lisilo na nafasi hata ya kunyoosha miguu. Wakachora LS3/5A. Draiva walizichukua wapi? KEF, kampuni ya Maidstone, Kent, iliyokuwa ikiziuza: B110 kwa sauti za chini na kati, T27 kwa sauti za juu. Akili yao waliiweka kwenye boksi na kwenye kroso-ova, kile kisahani kinachogawa sauti nani apige nini. Kampuni kadhaa zikapewa leseni ya kuitengeneza. Nusu karne baadaye watu wazima wanagombania kopi za zamani kana kwamba ni vito. Hakukuwa na "haipo kwenye boksi lingine lolote duniani." Draiva zake zilikuwa kwenye maboksi mengi tu.

Haki itendeke, na upande wa pili una hoja. B110 haikukaa ilivyo. Miaka ilivyopita tabia yake ikasogea, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kroso-ova ya LS3/5A ikabidi ichorwe upya. Hayo ndiyo maumivu ya kutegemea kiwanda cha mwenzako. ATC wa Uingereza wanatengeneza draiva zao wenyewe, na Bowers & Wilkins nao, na Focal ambao wanauza spika zao kamili pia. Mtu anayechora boksi akiwa na uwezo wa kusema "nataka koili ndefu kidogo, nataka koni nyepesi kidogo," anapata kitu kinacholingana kweli. Mwaustralia Neville Thiele mwaka 1961, kisha Richard Small miaka ya 1970, walionyesha kwa hesabu kwamba draiva na boksi ni ndoa: ukijua draiva inalia kwenye mtetemo gani, inajizuia vipi, na inahitaji hewa kiasi gani, unaweza kukokotoa boksi lake kabla hujakata plaiwudi. Draiva ya oda kwenye mikono ya anayejua hesabu hiyo ina thamani, hakuna ubishi.

Lakini sikilizeni vizuri. Hesabu hiyo inafanya kazi pande zote. Draiva ya kawaida yenye karatasi ya vipimo, ikiwekwa kwenye boksi lililokokotolewa, inapiga besi ya kumtoa mzee kwenye kiti. Na draiva ya oda ikitiwa kwenye boksi la kubahatisha inavuma kama lori kwenye tope. Maboksi ya bosi yalikuja na karatasi ya vipimo? Hayakuja. Kulikuwa na stika ya dhahabu. Kama hakuna karatasi, aliyeagiza "maalumu" aliagiza kwa kipimo gani? Kwa ndoto?

Tena hao wa ATC na Focal wanatengenezea chumba. Sofa, zulia, pazia, mtu mmoja mwenye glasi anasikiliza pumzi ya mwimbaji. Harusi ya Mabira au Kaisho inafanyika uwanjani, hakuna ukuta wa kurudisha besi, watoto wamekaa juu ya maboksi, mtu anamwagia lubisi, mvua ya saa kumi inapita, na safari ya kurudi ni barabara ya vumbi inayotikisa kila skrubu. Katika mazingira hayo, kifaa bora ni kile ambacho kikifa Jumamosi, kinafufuka kabla ya Jumamosi inayofuata. Wakubwa wa mziki wa jukwaani wanalijua hilo. RCF na B&C wa Italia, Beyma wa Hispania, Celestion wa Uingereza, wote wanauza draiva peke yake, zina namba na zina vipimo vilivyochapishwa. JBL kwa miongo iliuza vifurushi vya kufanya koni na koili upya, maana walijua mteja wao anafanya kazi usiku na barabarani. Huko hakuna anayeona aibu kusema spika yake ina kipuri cha dukani.

Turudi kibandani Nkwenda, maana utamu wa stori upo hapo. Fundi alipokosa kifurushi hakumrudishia bosi maiti. Akaikwangua koili iliyoungua taratibu, akahesabu mizunguko ya waya mmoja baada ya mwingine, akaandika kwenye daftari. Akapima unene wa waya kwa maikromita. Akaenda kwa seremala akachongewa gogo la mduara lenye kipenyo kile kile cha ajabu, likapigwa msasa mpaka likawa laini kama sahani. Juu ya gogo akafunga kasha la karatasi ya kuhimili joto, akasuka koili mpya kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, gundi katikati, akaiacha ikauke. Multimita ikasoma karibu na ile spika nzima ya upande wa pili. Kuiweka koili katikati ya mwanya wa sumaku bila kugusa popote akakata vipande vya filamu ya eksirei ya zamani, akavipanga kuzunguka kama kabari, akagundisha spaida na koni, kesho yake akazivuta kabari moja moja. Siku nne. Draiva ikapiga.

Sasa jiulize: katika Karagwe na Kyerwa nzima, tangu Kyerwa ikatwe kuwa wilaya yake mwaka 2012 na hata kabla, ni wangapi wamemiliki draiva iliyotengenezwa kwa mkono, kwa vipimo vya boksi moja tu, na mtu anayeweza kueleza kila mzunguko wa waya wake? Bosi alikuwa nayo. Kitu cha oda maalumu cha kweli kilisukwa pembeni ya duka la mbolea Nkwenda, na bei yake haikufika hata sehemu ndogo ya ile stika ya dhahabu. Na hili lisimshangaze mtu. Hii ni nchi ya wafua chuma. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 aliikuta Karagwe yenye mafundi wake, na hazina ya mfalme huyo ilikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Hakuna aliyeziagiza kwa stika.

Fundi alimkabidhi bosi kwa maneno machache: "Bosi, hii usiipeleke zaidi ya nusu wiki ya kwanza. Gundi ipate nguvu. Na nunua kidhibiti umeme." Bosi akasema sawa, fundi. Malipo akasema wiki ijayo.

Jumamosi iliyofuata, harusi ya Omurushaka, MC mmoja maarufu kwa kupayuka akatangaza kwamba "zile draiva za oda zimerudi kutoka kiwandani". Kutoka kiwandani! DJ akafungua mpaka mwisho. Kidhibiti umeme hakikuwepo. Saa tatu na nusu, "kwaaa".

Na hapa ndipo roho mbaya ya mtu inapoonekana. Kesho yake status ya bosi ilisomeka kwamba wateja wamsamehe, spika yake ya thamani imeharibiwa na "fundi wa kubahatisha wa kijijini". Namba za watu wakaanza kucheka. Kamati mbili zimeshapeleka mizigo yao kwingine badala ya kibandani. Hela ya siku nne haijalipwa mpaka sasa, na waya wa shaba fundi alikopa. Yule muuzaji wa Uganda simu yake inaita tu, lakini hakuna status iliyoandikwa juu yake, kwa sababu kumsema ni kukiri ulipigwa.

Kamati za harusi nazo zisijifiche. Ni nani anadai "tunataka zile spika za oda" kwenye kikao wakati hajui hata draiva iko upande gani wa boksi? Ni nani anamkata bei fundi wa mziki mwenye maboksi ya kuchonga nyumbani, yenye draiva za kawaida, ambayo yamepiga misimu sita bila kunyamaza, halafu anamwongezea mwenye taa za bluu kwa sababu video itatoka kali? Mzee mmoja wa kamati ya Isingiro alipoulizwa kwa nini walilipa zaidi, alijibu kwamba waliambiwa ni maalumu. Maalumu kwa nani, hakuuliza.

Mpaka stori hii inaenda hewani, boksi la kulia bado liko chini ya turubai, kuku wamelizoea. Bosi anatafuta mtu wa kununua la kushoto, ila kila anayekuja anauliza kitu kimoja: likiungua, koili yake inapatikana wapi? Lile gogo la seremala fundi hajalitupa. Liko rafu ya juu kibandani, limeandikwa kipenyo kwa kalamu ya wino, pamoja na daftari lenye hesabu ya mizunguko, na pembeni ya hesabu kuna deni.